Debe Tupu Port of Spain

Mashine ya pesa iliimeza kadi yangu Ijumaa, saa kumi na moja na nusu jioni, benki imeshafungwa na mlinzi hana la kunisaidia zaidi ya pole. Nilibonyeza kila kitufe, nikaugonga ukuta kwa kiganja, mwisho nikasimama tu nikiutazama ule mdomo mwembamba kama mtu aliyenyang'anywa sahani huku tonge liko mkononi. Kikao cha watafsiri kilichonitoa Tanga hadi Trinidad kilikuwa kimekwisha mchana ule. Wenzangu walishaondoka. Mimi, kwa ujanja wangu, nilikuwa nimejiongezea siku mbili za matembezi, na ndege yangu ilikuwa Jumatatu asubuhi. Mfukoni nilikuwa na dola 214 za Trinidad na Tobago. Usidanganyike na jina la dola: za kwao karibu saba ndizo zinazofanya moja ya Marekani. Nilikuwa na thelathini na kidogo.

Bahati chumba nilikuwa nimeshakilipia, mtaa wa Woodbrook, kwa bibi mmoja wa miaka sabini na ushei ambaye majirani wote humwita Tantie. Ndiyo shangazi, kwa Kiingereza chao kilichobaki na chembe za Kifaransa. Nilipomweleza yaliyonikuta alicheka kwanza, kisha akanipa pole.

“Ulikuwa unataka kwenda wapi hasa?”

Nikamtajia mashua ya kutazama ndege, gari la kukodi, hoteli fulani yenye bwawa juu ghorofani.

“Hayo yote ya nini? Kesho kula doubles, zunguka Savannah, jioni nenda yadi ya pan. Ukimaliza hayo na bado huna la kufanya, njoo nikutume dukani.”

Tulikuwa tumekaa barazani bado tukizungumza, jirani akafungua geti, akapanda ngazi na kusema kwa sauti, “Good night!” Nikadhani anaaga. Nikainuka kwa adabu zangu zote za Kitanga, nikamwambia kwaheri na kumshikia geti apite. Akanitazama. Tantie akashika mbavu. Kumbe kule, jua likishazama, “usiku mwema” ndiyo hodi na ndiyo hujambo. Humwambia mtu unapofika, si unapoondoka. Jirani akaketi, akaletewa juisi, na mimi nikarudi kitini nikiwa nimeshapata jina la utani.

*

Doubles nilizikuta asubuhi kabla ya kuziona: harufu ya bizari na binzari nyembamba ilipiga kona kabla yangu. Kijana na mama yake walikuwa wamesimama nyuma ya kisanduku cha mbao kilichowekwa kwenye meza, ndani kuna vikapu vilivyofunikwa kitambaa, mvuke unatoka. Mkono wa yule kijana ulikwenda hivi: karatasi kiganjani, bara ya kwanza, bara ya pili imepandiana nayo nusu, upawa wa dengu za mchuzi, tone la ukwaju, chatne ya tango, achari ya embe, pilipili, kisha karatasi ikasokotwa ncha mbili, imekwisha. Sikuhesabu hata sekunde kumi. Bara ni kama chapati ndogo iliyozamishwa kwenye mafuta, laini, ya manjano, inayokatika ukiitazama kwa jicho baya. Huliwa wima, kiwiliwili kimeinamishwa mbele ili mchuzi uidondokee lami na siyo shati.

Swali ni moja tu: pilipili kiasi gani? Jibu la mtu mwenye akili ni “slight”, yaani ya kuonjea. Nikasema tia kama unavyowatilia wenyeji. Mtoto wa pwani, mimi, ningeogopa pilipili? Machozi yalinitoka mpaka mzee aliyekuwa kando yangu akanipa kitambaa chake cha karatasi bila kuniuliza kitu.

Dengu hizo zina safari yake. Meli ya Fatel Razack ilitia nanga Trinidad tarehe 30 Mei 1845 ikiwa imebeba Wahindi wa kwanza wa mkataba, waliokuja kushika mapanga yaliyowekwa chini na watumwa walioachiwa huru mwaka 1838. Doubles zenyewe zilizaliwa Princes Town, kusini mwa kisiwa, mwaka 1936, kwenye familia ya Deen: walikuwa wakiuza bara moja na dengu, wateja wakawa wanasema weka mbili, jina likabaki hapo. Mimi niliyekua nikila bhajia na chatne kwa Wahindi wa barabara za Tanga sikuhitaji kutafsiriwa. Ulimi ulielewa.

Kilichonishinda ni malipo. Watu walikuwa wanakula, wanaongeza, wanazungumza, na hakuna aliyetoa pesa. Ukishashiba ndipo unasema mwenyewe umekula ngapi. Muuzaji hahesabu. Nikasema mbili, nikatoa dola 14, na kijana akanipa siri kwamba zilizo bora kabisa nchini ziko Debe.

“Debe?”

“Debe. Mji. Kusini huko.”

Nikaenda zangu nikicheka peke yangu. Mwenye mfuko mtupu, kuambiwa chakula kizuri kiko Debe!

*

Kutoka Woodbrook hadi katikati ya mji ni mwendo wa miguu wa nusu saa hivi, lakini nilipanda maxi ili nione. Maxi ni daladala, sina namna nyingine ya kusema: basi dogo jeupe lenye mstari wa rangi ubavuni, na rangi ndiyo inayokuambia linakwenda wapi. Manjano ni la upande huu wa mji na magharibi, jekundu la mashariki, kijani la kusini. Aliyewahi kusimama Dar es Salaam akitafuta rangi ya mstari wa Mbagala hapotei Port of Spain. Tofauti ni moja. Abiria akipanda huwasalimu wote waliomo, na wote humwitikia, kisha kila mtu anarudi kwenye simu yake. Mtoto wa shule aliyepanda bila salamu alitazamwa na kina mama watatu kwa pamoja mpaka akasema.

Nilishuka karibu na Woodford Square, bustani ya miti mikubwa iliyozungushiwa uzio wa chuma, vibarua na wazee wamejaa kwenye mabenchi. Hapa Eric Williams, mwanahistoria aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza, alianza mwaka 1955 kufundisha umma usiku: historia, utumwa, katiba, hesabu za bajeti, mbele ya maelfu ya watu waliosimama. Bustani ikabandikwa jina la Chuo Kikuu cha Woodford Square. Uhuru ulikuja tarehe 31 Agosti 1962. Wanafunzi wa siku hizi, kwa niliyoyaona, ni wabishi kuliko wasikilizaji. Wazee wawili walikuwa wanagombana kuhusu kriketi kwa ghadhabu ambayo sisi tumeiweka akiba kwa ajili ya Simba na Yanga, nami nikakaa benchi lao nusu saa nzima bila kuelewa hata kanuni moja.

Upande wa pili wa barabara liko Red House, jengo la Bunge. Walilipaka rangi nyekundu mwaka 1897 kwa jubilei ya Malkia Victoria, na miaka sita baadaye, Machi 1903, wananchi wenye hasira juu ya sheria mpya ya maji wakalichoma moto; watu 16 waliuawa siku ile. Likajengwa upya, likapakwa rangi ileile. Na walipokuja kulikarabati karne hii, mafundi waliochimba chini ya sakafu walikuta mifupa ya Waamerindia, wenyeji wa kwanza wa kisiwa, waliolala pale kabla ya malkia, kabla ya Columbus. Mwaka 2019 ilizikwa tena kwa heshima zake. Kulitazama kwa nje ni bure, na nje ndiko liliko zuri.

Savannah nayo ni jambo jingine. Jina lake kamili ni Queen's Park Savannah. Gavana Woodford aliinunua ardhi hiyo mwaka 1817 kutoka kwa familia ya Peschier, wakaiuza yote isipokuwa makaburi yao, ambayo yapo hadi leo katikati ya uwanja, yamezungushiwa ukuta, na ni mali yao. Eneo ni kama ekari 260. Magari huuzunguka kwa upande mmoja tu, ndiyo maana wenyeji hupenda kujisifu kwamba wana kiplefti kikubwa kuliko vyote duniani. Kuuzunguka kwa miguu ni kilomita tatu na nusu hivi, na sikuwahi kuona kilomita tatu na nusu zenye mambo mengi kama zile: vijana wa mpira, watu wa kurusha tiara, wazee wa mazoezi wanaotembea huku wakisengenya, harusi ikipiga picha.

Upande wa magharibi yamejipanga majumba saba waliyoyapa jina la Magnificent Seven, mengi ya miaka ya 1904 hadi 1910, kakao ilipokuwa dhahabu ya nchi. Kila tajiri alitaka kumshinda jirani yake. Mmoja alijenga ngome ya Uskoti, mwingine akajenga kama Venice, mwingine akamimina vidirisha na nakshi mpaka nyumba ikafanana na keki ya harusi. Si ya kupendeza yote, kwa kweli. Ngome ya Uskoti katika joto lile inatia huruma. Lakini jengo la shule, Queen's Royal College, lenye mnara wa saa, nilisimama kulitazama kwa muda. Humo alisoma Eric Williams, humo alisoma V.S. Naipaul, na humo alisoma C.L.R. James, ambaye baadaye alilisifu Azimio la Arusha kuliko baadhi yetu tuliolikariri shuleni.

Upande wa kaskazini ni Bustani ya Mimea, hakuna kiingilio. Ilifunguliwa mwaka 1818, na mtunzaji wake wa kwanza, David Lockhart, alikuwa ametoka Kongo. Alikwenda huko mwaka 1816 na msafara wa Kapteni Tuckey uliotumwa kuupanda mto kutoka mdomoni. Homa iliua wengi, Tuckey mwenyewe na karibu wanasayansi wote. Lockhart akapona, akavuka bahari, akaanza kupanda miti. Pembeni ipo bustani ya wanyama, kiingilio dola 30. Kwa hesabu yangu ya siku ile, wanyama walikuwa sawasawa na doubles nne. Sikuingia.

Badala yake nilikwenda kwa wauza madafu. Huegesha magari yao kando ya uwanja yakiwa yamejaa mpaka juu, panga mkononi. Nikamwambia mmoja nataka lenye nyama laini, akalipiga kwa kidole cha kati, akaliweka kando, akalipiga jingine, akasikiliza. Nikajua huyu ni mwenzetu. Nilijaribu kumweleza kwamba kwetu kitale kina jina lake, dafu lina lake, koroma lina lake na nazi ina lake. Akaniambia kwao lote ni “coconut”, ila lenye ute huitwa “jelly”. Akasikitika kidogo, nadhani, kwa umaskini huo. Nilipomaliza maji akalipasua, akachonga kijiko kwenye ganda lilelile na kunikabidhi. Dola 15. Niliona ghali. Baadaye nikahesabu muda niliokaa pale kwenye kibao chake nikitazama jua likiangukia yale majumba, nikanyamaza.

*

Sasa yadi.

Ilikuwa mwishoni mwa Januari, wiki chache kabla ya Kanivali, na bendi zote za pan zilikuwa zikijifua kwa mashindano ya Panorama, yaliyoanza mwaka 1963. Mazoezi hufanywa uwanjani kwa bendi, usiku, geti wazi. Unaingia, unakaa. Hakuna tiketi. Kuna mtu anauza vinywaji na mwingine kuku wa kuchoma, nao ndio mapato. Yadi ya Phase II Pan Groove, bendi iliyoanzishwa mwaka 1972, haikuwa mbali na kwa Tantie, naye alinipa sharti moja: nirudi kwa njia ya taa, nisikate vichochoro. Mji una bunduki nyingi kuliko inavyopendeza, na wenyeji hawafichi. Wanakuambia pa kupita kama sisi tunavyomwambia mgeni mahali penye mkondo baharini.

Kabla sijaondoka nilimkosea. Nilisema nakwenda kusikiliza ngoma za chuma.

“Si ngoma. Pan.”

Ana haki ya kukasirika. Ngoma zenyewe, za ngozi, serikali ya kikoloni ilizipiga marufuku miaka ya 1880, baada ya ghasia za Kanivali za 1881. Watu wakakata mianzi ya unene mbalimbali wakawa wanaigonga chini na kuipiga kwa vijiti. Wakaiita tamboo bamboo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 vijana wa mitaa ya maskini wakaanza kuokota vya bati: mikebe ya rangi, makopo ya biskuti, mifuniko ya mapipa ya taka. Mmoja akagundua kwamba bati lililobonyea hutoa sauti tofauti na lililonyooka, na hapo ndipo dunia ilipopata chombo kipya. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, na kwa kuwa Trinidad ni nchi ya mafuta, likaja pipa. Kitako chake kikagongwa kwa nyundo mpaka kikawa kama bakuli, noti zikachorwa na kupigwa patasi, pipa likakatwa, likachomwa moto, kisha fundi akakaa nalo siku nyingi akiibembeleza kila noti ikae mahali pake. Mwaka 1951 bendi ya TASPO ilikwenda London kwenye Tamasha la Uingereza, na hadithi wanayoipenda ni kwamba Wazungu walichungulia chini ya pan wakitafuta mitambo.

Sisi tunasema debe tupu haliachi kuvuma, na tunamsema mtu. Nilikaa kwenye ubao nikiwa na msemo huo kichwani, na mbele yangu wamesimama watu zaidi ya mia, kila mmoja na debe lake.

Hawakuwa wanapiga wimbo. Walikuwa wanapiga kipande cha wimbo, pengine sekunde kumi na tano, tena na tena. Hakuna karatasi, kila kitu kiko kichwani na kwenye viganja. Mtunzi hukaa na viongozi wa kila kundi, anawaonyesha noti, wao wanakwenda kuwaonyesha watu wao. Karibu nami alikuwa msichana wa umri wa shule, begi lake liko chini ya pan, vijiti viwili vifupi vyenye mpira nchani. Alikuwa anakosea mahali pamoja. Wenzake wakisimama, yeye anaendelea polepole peke yake, midomo ikihesabu, noti nne, noti nne, noti nne. Nyuma yake mwanamume mnene alikuwa amezungukwa na mapipa mazima, ya besi, hata hakuonekana kiunoni. Kupiga kwake kulikuwa ni kucheza, maana ilimbidi azunguke kulifikia lililo mgongoni. Na katikati ya yadi, juu ya jukwaa, wale wa “engine room”: seti ya ngoma za kisasa, kayamba, na watu wanne wanaopiga kwa vyuma dramu za breki za magari. Dramu za breki kabisa, zile ambazo fundi wa Chuda, kwetu Tanga, angekutupia nje ya gereji.

Mtu akagonga ubavu wa pan mara nne, wakaingia wote. Sitajaribu kuieleza sauti ile. Nitasema tu kwamba ubao niliokalia ulikuwa unatetemeka, na mzee aliyekaa kando yangu alikuwa amefumba macho. Kipande kilipofika pale pa msichana, nilijikuta nimeukaza mguu. Akapita. Hakutabasamu, hakutazama mtu. Alirekebisha vijiti na kungoja tena.

“Leo hawajafika,” mzee alisema. “Njoo kesho.”

*

Jumapili nilipanda Fort George. Teksi za kuchangia zinafika hadi chini ya mlima, St James, mtaa ambao barabara zake zinaitwa Bombay, Delhi, Madras na Calcutta, kwa sababu hapo palikuwa shamba la miwa na waliokuja kulilima ndio waliopapa jina. Huko St James kila Muharram hujengwa taziya za mianzi na karatasi, ndefu kuliko nyumba, zikapitishwa barabarani kwa ngoma na mwisho kuachwa baharini. Wanaiita Hosay, kutokana na Hussein. Aliyeona maandamano ya Ashura Zanzibar au Mombasa angeshangaa kuona Wahindu na Wakristo wakiibeba taziya ileile.

Kupanda ni saa nzima ya jasho. Mpwa wa Tantie alinisindikiza, maana barabara ni ya upweke. Kando yake miti ya shelisheli imeinama kwa matunda. Juu kabisa, kama mita 335 kutoka baharini, ipo mizinga ya ngome iliyojengwa mwaka 1804 na haikuwahi kupigana na mtu, na pamoja nayo kibanda cheupe cha mbao cha kupeperushia bendera za kuarifu meli. Kibanda hicho kilichorwa mwaka 1883 na Kofi Nti, mwana wa mfalme Kofi Karikari wa Asante. Waingereza walipouchoma mji wa Kumasi mwaka 1874 walimchukua kijana, na miaka michache baadaye wakamleta Trinidad. Wafalme walikuwa wakihamishwa kama mizigo: Prempeh wa Asante akapelekwa Shelisheli mwaka 1900, na Khalid bin Barghash wa Zanzibar naye akaonjeshwa Shelisheli na Saint Helena. Kofi Nti alipewa penseli na mlima. Kibanda kimekaa vizuri, kina kibaraza pande zote, na upepo unapita kila upande. Kutoka pale unaona ghuba yote ya Paria na, hewa ikiwa safi, milima ya Venezuela. Alichora nyumba ya kutazamia meli zinazokuja. Tulikaa kwenye ngazi zake tukila embe lililokatwa vipande na kutiwa chumvi, pilipili na kitunguu saumu, ambalo wao huita “chow” na mimi huita embe la pilipili.

Jioni nikahesabu pesa. Nilikuwa na dola 71, na humo nauli ya basi la uwanja wa ndege ni dola chache tu. Nikanunua kuku yadini, nikampa mzee wa jana paja.

Walikuwa wameunganisha vipande. Wimbo ulisimama mara tatu, mara ya nne ukaenda moja kwa moja hadi mwisho, dakika kama nane, na sikumwona msichana wangu kwa umati. Ilipokaribia saa sita mvua ikaanza kunyesha. Wakafunika pan kwa maturubai, nami, kwa mvua ile na kwa utii wa Tantie, sikutembea: nikasimama kwenye taa nikapungia maxi yenye mstari wa manjano. Ilikuwa imejaa, watu wamelowa, muziki juu. Nikainama mlangoni.

“Good night,” nikasema.

Wakaitika wote.